Bioinfomatiki ni kazi gani? Jibu kwa binti wa Mafinga

Swali: "Shikamoo dada. Nimemaliza kidato cha sita mchepuo wa PCB (fizikia, kemia na baiolojia), nipo nyumbani Mafinga nasubiri matokeo. Mwalimu wetu wa baiolojia alitutajia bioinfomatiki siku moja, kengele ikalia, akaondoka, na tangu hapo neno hilo halijanitoka kichwani. Baba anataka niwe daktari. Mjomba anasema mambo ya kompyuta mwisho wake ni kufungua stesheneri. Naomba uniambie ni kazi ya namna gani hasa, inasomewa wapi, hesabu inatakiwa kiasi gani (nilisoma BAM tu, ile hesabu ya msingi), na je, mtu wa huku kwetu asiye na kompyuta anaweza? Na ajira ipo?"

Marahaba, mdogo wangu. Umeuliza mengi kwa pamoja, na sitayajibu kwa mpangilio uliouliza. Nitaanza na mahindi.

Mwaka 2011 wakulima wa Bomet, Kenya, waliona jambo wasilolielewa. Mahindi yaliyokuwa yamestawi yalianza kupata michirizi ya njano, majani yakakauka kabla ya wakati wake, na magunzi yakatoka mapengo, mengine bila punje kabisa. Mwaka uliofuata ugonjwa ulikuwa umeshaonekana Tanzania. Sasa jiweke mahali pa bwana shamba. Vipimo vingi vya maabara ni swali la ndiyo au hapana: je, kirusi fulani kimo? Kama hujui umuulize nani, kipimo hakikusaidii. Wanasayansi wa Kenya na Uingereza wakachukua majani yenye ugonjwa, wakasoma vinasaba vya kila kilichokuwemo ndani yake bila kuchagua. Mashine ikatoa rundo kubwa la vipande vya herufi: vya mmea wenyewe, vya vijidudu vinavyoishi juu ya jani, na vya adui aliyekuwa akitafutwa, vyote vimechanganyika. Maabara ikawa imemaliza kazi yake. Aliyebaki kazini ni mtu mwenye kompyuta. Alitakiwa kutenga vipande vya mmea wa mahindi, kuunganisha vilivyobaki, kisha kuvilinganisha na vinasaba vya virusi vinavyojulikana duniani. Yakatoka majina mawili ya virusi, MCMV na SCMV. Kila kimoja kikiwa peke yake huudhoofisha mmea. Vikikutana ndani ya mmea mmoja, huuangamiza. Ndio ugonjwa ambao mabwana shamba leo wanauita MLN, kifupi cha jina lake la Kiingereza, Maize Lethal Necrosis.

Huyo aliyebaki kazini baada ya maabara kufunga ndiye mtu wa bioinfomatiki. Anashika kompyuta kutwa nzima, lakini swali lake limetoka shambani, wodini au mtoni. Kompyuta kwake ni kama jembe kwa mkulima: hakuna anayesema kilimo ni taaluma ya majembe.

Mjomba wako hajakosea kuona kompyuta. Amekosea kuona kompyuta peke yake.

Unajua tayari kutoka darasani kwamba vinasaba huandikwa kwa herufi nne, A, C, G na T. Pengine hukuambiwa ukubwa wa maandishi yenyewe. Kirusi cha UVIKO-19 kina herufi karibu 30,000. Bakteria wa kifua kikuu ana milioni 4.4. Kimelea cha malaria kina milioni 23 hivi. Viazi mviringo, hivi vinavyopandwa Umalila na Makete, vina zaidi ya milioni 800. Mtu ana bilioni 3, na ngano inapita bilioni 15, mara tano ya mtu anayeila. Ukisoma herufi moja kila sekunde bila kulala, utamaliza kirusi kwa saa nane na dakika ishirini, na mtu utammaliza baada ya miaka 95. Kwa hiyo kompyuta hapa siyo urembo wala mtindo wa kisasa. Bila hiyo kazi haianzi.

Na herufi moja inatosha kubadili maisha. Chukua selimundu. Jeni inayohusika iko kwenye kromosomu ya 11, na mwanzo wake kwa mtu asiye na ugonjwa husomeka hivi:

ATG GTG CAT CTG ACT CCT GAG GAG AAG

Kwa mwenye selimundu husomeka hivi:

ATG GTG CAT CTG ACT CCT GTG GAG AAG

Zitazame mpaka uione. Herufi ya 20, A imegeuka T. Neno GAG, linaloita asidi ya glutamiki (moja ya asidi amino, matofali yanayojenga protini), limekuwa GTG, linaloita valini. Kwa kosa hilo moja chembe nyekundu ya damu hujikunja kama mundu inapokosa oksijeni, ikaziba mishipa midogo, na mtoto analia usiku kucha kwa maumivu ya mifupa. Wewe umeiona kwa macho kwa sababu nimekupa herufi 27 tu na nimekuambia utazame wapi. Kazi yetu ni kuiona pale ambapo herufi ni bilioni 3 na hakuna aliyetuambia.

Tunaionaje? Kwa kulinganisha, na kulinganisha ndiyo moyo wa fani nzima. Umewahi kumwona fundi cherehani mzuri akishona gauni la kitenge? Kabla ya kupitisha sindano huweka vipande viwili ubavu kwa ubavu, akavisogeza juu na chini mpaka maua ya kipande hiki yakutane na maua ya kile. Kama kipande kimoja kina pengo, huacha nafasi, haburuzi kitambaa chote kwa nguvu. Sisi tunafanya hivyo kwa herufi: herufi zinazofanana zinapewa alama, zisizofanana zinakatwa alama, pengo linakatwa zaidi, na kompyuta inatafuta mpangilio wenye alama nyingi kuliko yote. Saul Needleman na Christian Wunsch walichapisha njia ya kufanya hivyo mwaka 1970. Mwaka 1990 ikaja BLAST, programu iliyokubali kupoteza ukamilifu kidogo ili ipate mwendo, na mpaka leo huenda ndiyo kitu cha kwanza mwanafunzi wa fani hii anachokigusa. Unabandika mfuatano wako wa herufi, inautafuta katika hazina ya dunia nzima, inakuletea wanaofanana nao.

Hapo ndipo hesabu inapoingia, na nitakaa hapa kidogo kwa sababu naona BAM imekutia hofu.

Tuseme umeokota kipande cha herufi 8 na umekikuta kwenye vinasaba vya bakteria wa kifua kikuu. Je, umegundua kitu? Herufi 8, kila moja ikiwa na uwezekano wa aina 4, zinatoa 4 kuzidisha yenyewe mara 8, yaani mipangilio 65,536. Bakteria ana nafasi milioni 4.4. Gawa: kipande chochote cha herufi 8 unachoweza kukibuni ukiwa umekaa jikoni utakikuta mle ndani kama mara 67, kwa bahati tu. Hujagundua kitu. Sasa urefushe mpaka herufi 20. Mipangilio inazidi trilioni moja. Kuikuta kwa bahati ndani ya milioni 4.4 ni karibu sawa na nafasi 4 katika milioni moja. Hapo simama, kuna jambo. (Kwa kweli herufi za bakteria huyu hazigawanyiki sawa, G na C zinachukua karibu 65 kati ya kila 100, kwa hiyo hesabu kamili inahitaji marekebisho. Lakini umeona njia.) BLAST hukupa jibu la namna hiyo kila mara: mfanano huu ungeutarajia mara ngapi kwa bahati peke yake?

Hiyo ni hesabu ya vipeo na uwezekano. Umeisoma. Utahitaji zaidi, hasa takwimu, na baadaye aljebra ya matriksi, lakini hakuna anayekutaka uwe bingwa wa hesabu kabla hujaingia mlangoni. Ninachokutaka usifanye ni kuikimbia. Nimewaona vijana wenye vidole vyepesi vya programu wanaobonyeza, wanapata namba, wanaiandika kwenye ripoti, na ukiwauliza namba hiyo ina maana gani wanakuonyesha tena kitufe walichobonyeza.

Kuna kazi nyingine ninayoipenda kuliko zote, ya kuunganisha vipande. Mashine nyingi za kusoma vinasaba hazisomi toka mwanzo hadi mwisho. Zinatoa vipande vifupi, mamilioni, bila namba ya ukurasa. Bibi yangu alipofariki kule Tukuyu, tulikaa wajukuu jioni moja tukijaribu kuirudisha hadithi yake ya sungura na mamba. Kila mmoja alikumbuka kipande. Mmoja alianzia pale sungura anapofika mtoni akaishia kwenye daraja. Mwingine alianzia darajani. Kipande kikiishia pale kingine kinapoanzia, tunaviunga. Tukaenda vizuri mpaka tulipofika kwenye wimbo. Bibi alikuwa akiuimba wimbo uleule mara nne au tano ndani ya hadithi moja, na mjukuu aliyekumbuka wimbo tu hakuweza kusema ni wa mara ya ngapi. Vinasaba navyo vina nyimbo za namna hiyo, sehemu zinazojirudia. Mradi mkubwa wa kusoma vinasaba vya binadamu ulianza mwaka 1990 ukatangazwa kukamilika 2003, ila karibu asilimia 8 ilibaki haijasomeka, nyingi ikiwa ni sehemu za kujirudia. Ilikamilika 2022, baada ya kupatikana mashine zinazosoma vipande virefu: mjukuu anayekumbuka toka kabla ya wimbo mpaka baada yake.

Sasa nikuambie upande ambao kozi za mtandaoni hazikuambii, na ndio ulionifanya nikubali kujibu barua yako kwa urefu huu.

Nilipoanza kazi nilipewa faili la sampuli za miaka kadhaa kutoka Nyanda za Juu Kusini nitafute kama aina fulani ya bakteria ilikuwa inaenea. Nilijua Python, lugha ya kuandikia programu, nilijua takwimu, nikaanza kwa nguvu zote. Mchoro ukatoka na ulikuwa wa kushangaza: wagonjwa wa Mbeya walipungua ghafla mwaka 2016, na kukawa na mahali papya, Songwe, palipoibuka na wagonjwa wengi kutoka sifuri. Mwenzangu mmoja aliyekuwa nchi nyingine alifurahi mno akaanza kuandika maelezo ya kisayansi ya bakteria aliyehamia magharibi. Mimi ni mtoto wa huku. Nilijua kwamba Januari 2016 Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya. Mgonjwa wa Mbozi aliyeandikwa "Mbeya" mwaka 2015 ndiye yuleyule anayeandikwa "Songwe" mwaka 2017. Hakuna bakteria aliyehama. Ulihama mpaka wa mkoa. Iringa na Njombe zina mtego huohuo kwa takwimu za kabla na baada ya 2012. Ndani ya faili hilohilo kulikuwa na "Rungwe", "RUNGWE", "Rugwe" na "Tukuyu" kama sehemu nne tofauti, na kompyuta ilizichukua kama nne, kwa sababu kompyuta haikuzaliwa Tukuyu.

Wiki tatu za kazi yangu zilikuwa kusafisha majina. Usidharau kazi hiyo. Duniani kote wataalamu wa vinasaba walisumbuliwa miaka mingi na programu ya Excel iliyokuwa ikigeuza jeni iitwayo SEPT2 kuwa tarehe ya 2 Septemba, mpaka mwaka 2020 kamati inayotoa majina ya jeni ikaamua kuyabadili majina yenyewe. Uchambuzi wetu una nguvu sawa na uangalifu wa aliyeandika lebo kwenye chupa ya sampuli.

Kwa hiyo unapouliza "mtu wa huku kwetu anaweza?" mimi nauona upande wa pili wa swali. Nani mwingine atajua kwamba kiazi kinachouzwa kwa jina moja sokoni Mwanjelwa kinaweza kuwa mbegu mbili tofauti? Kwamba dereva wa lori aliyelala Makambako juzi alikuwa Tunduma, na kesho atakuwa Dar es Salaam? Hilo la dereva ni la kisayansi kabisa. Ukisoma vinasaba vyote vya bakteria wa kifua kikuu kutoka kwa wagonjwa wawili, ukakuta wanatofautiana kwa herufi 5 au pungufu katika zile milioni 4.4, kuna sababu nzuri ya kudhani maambukizi yalipita kati yao karibuni, moja kwa moja au kwa mtu wa tatu. Wakizidi herufi 12, dhana hiyo inadhoofika sana. Kompyuta itakupa namba. Kujua kwamba wagonjwa hao walikutana kwenye kituo cha malori, na namna ya kuwauliza bila kuwavunjia heshima, ni kazi ya mtu anayepajua mahali.

Vinasaba hivyohivyo hukuambia dawa. Kuna jeni ya bakteria huyu iitwayo rpoB. Mahali pamoja ndani yake TCG ikigeuka TTG, dawa ya rifampisini haimgusi tena. Mgonjwa atameza vidonge miezi na miezi na hatapona. Nikiwaza hilo ndipo ninapokumbuka kwa nini naamka asubuhi.

Na huwezi kusema kazi hii hufanywa ng'ambo tu. Mtanzania Joseph Ndunguru na wenzake walitumia MinION, kifaa cha kusoma vinasaba kinachoenea kiganjani na kuchomekwa kwenye kompyuta mpakato, kutambua virusi vya mihogo Afrika Mashariki na kumrudishia mkulima jibu ndani ya siku chache. Zamani sampuli ilipanda ndege na jibu likachukua miezi, msimu ukawa umepita. Michirizi kahawia ya mihogo yenyewe ilielezwa kisayansi kwa mara ya kwanza hapahapa Tanzania, katika kituo cha Amani, miaka ya 1930.

Kwa kuwa umejitambulisha kama binti, nikuongezee jambo moja. Aliyekusanya mifuatano ya protini iliyojulikana wakati huo na kuichapisha kwa pamoja mwaka 1965, kabla hata fani haijapata jina, ni Margaret Dayhoff wa Marekani. Ndiye pia aliyetupa herufi mojamoja za asidi amino tunazotumia mpaka leo. Jina la fani lilitoka Uholanzi mwaka 1970, kwa Paulien Hogeweg na mwenzake Ben Hesper. Hakuna atakayekuambia umeingia chumba kisicho chako.

Masomo sasa. Usikae ukisubiri shahada ya kwanza yenye jina la bioinfomatiki. Wengi wetu tumeingia kwa mlango mmoja kati ya miwili: baiolojia kwanza kisha kompyuta, au kompyuta kwanza kisha baiolojia. Kwa PCB yako mlango wa kwanza uko karibu zaidi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shahada ya baiolojia ya molekuli na bioteknolojia. SUA, chuo kikuu cha kilimo Morogoro, kina bioteknolojia na sayansi za maabara. Mlango wa pili, kwa mfano sayansi ya kompyuta pale MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia Mbeya, au kwingineko, unategemea ufaulu wa hesabu, na masharti hutofautiana chuo hadi chuo na mwaka hadi mwaka. Fungua mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) wa mwaka wako usome mstari kwa mstari, usiulize rafiki. Shahada ya uzamili ndiyo mara nyingi hubeba jina lenyewe: Makerere wanayo, Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi wanayo. Nelson Mandela Arusha hufundisha ngazi ya uzamili na uzamivu tu, na sayansi za uhai ni sehemu ya kazi yao. MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili ambako utafiti wa selimundu una mizizi mirefu, kilikuwa sehemu ya H3ABioNet, mtandao wa bioinfomatiki wa Afrika ambao mwaka 2016 ulianza kuendesha kozi ya utangulizi kwa madarasa yaliyotapakaa nchi nyingi za bara hili.

Baba akishikilia udaktari, usigombane naye. Udaktari nao ni mlango. Daktari anayeweza kusoma vinasaba vya vijidudu vya wagonjwa wake mwenyewe ni mtu wa kutafutwa. Ila mwambie ukweli kama moyo wako haupo wodini, kwa sababu miaka mitano ya udaktari ni mirefu kwa mtu anayesoma kwa ajili ya mwingine.

Chuoni utakapokuwa, ongeza mwenyewe vitu vitatu: Python au R, lugha nyingine ya programu (moja kwanza, mpaka ikae), takwimu, na kutumia Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, kwa kuandika amri badala ya kubonyeza picha. Amri zote ni za Kiingereza na maelezo yake karibu yote. Hilo tulikubali tuendelee. Lakini weka daftari la Kiswahili pembeni. Kila dhana mpya iandike kwa maneno ambayo mama yako angeyaelewa akiwa anachambua maharage. Ukishindwa kuiandika hivyo, hujaielewa bado. Na siku utakapomweleza mkulima wa Igurusi au mgonjwa wa Ileje kilichopatikana kwenye sampuli yake, daftari hilo litakuwa limekuandaa.

Kompyuta huna. Simu itakutosha kusoma na kutazama masomo, haitakutosha kuandika programu kwa muda mrefu, macho na vidole vitachoka ukate tamaa bure. Maktaba ya mkoa Iringa ni mahali pa kuanzia, na chuoni kutakuwa na maabara ya kompyuta. Ukipata fedha, kompyuta mpakato iliyotumika yenye RAM ya GB 8 inatosha kabisa kwa miaka ya mwanzo. Kazi nzito hazifanyiki kwenye mashine yako. Kuna Galaxy, jukwaa la bure linalofunguka kwenye kivinjari: unapakia data, unachagua hatua, seva za watu wengine zinafanya kazi. Umeme ukikatika Mafinga, kazi yako huko inaendelea, na bando likiisha unarudi kesho unakuta matokeo. Kwa mazoezi ya programu kuna tovuti ya Rosalind, iliyopewa jina la Rosalind Franklin, mwanamke aliyepiga picha za miale ya X zilizosaidia kujulikana kwa umbo la DNA mwaka 1953. Mazoezi yake yanaanza na kuhesabu herufi na yanapanda taratibu.

Ajira. Hapa sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Tangazo lenye neno bioinfomatiki utaliona mara chache. Kazi hiyo hujificha chini ya majina mengine: mtafiti msaidizi, msimamizi wa data, mchambuzi wa takwimu, mwanasayansi wa maabara. Nyingi ni za mikataba ya mradi, miaka miwili au mitatu, na mradi ukiisha unatafuta mwingine. Mtu mwenye mkopo wa HESLB (bodi ya mikopo ya wanafunzi) na wadogo wa kusomesha anahitaji kulijua hilo mapema. Waajiri wa aina hii ni taasisi za utafiti wa afya kama NIMR, iliyo na kituo Mbeya, na Taasisi ya Afya Ifakara, utafiti wa kilimo kama TARI, iliyo na kituo Uyole, maabara za mifugo, Mkemia Mkuu wa Serikali, vyuo vikuu, na nje kidogo ya mpaka, taasisi za Nairobi kama ILRI (utafiti wa mifugo) na ICIPE (utafiti wa wadudu). Zipo pia kazi za kufanya kwa mbali, lakini hizo huja baada ya kuwa na kazi ulizokwisha kuzifanya zinazoonekana mtandaoni. Ndiyo maana nasisitiza takwimu na programu: mradi wa vinasaba ukisimama, benki, kampuni ya simu na ofisi ya takwimu bado wanamhitaji mtu anayeweza kusafisha data chafu na kueleza namba bila kudanganya.

Utaulizwa pia, kama hujaulizwa tayari, je, akili unde haitamaliza kazi hii? Tuzo ya Nobeli ya kemia ya 2024 ilikwenda kwa David Baker, na kwa Demis Hassabis na John Jumper, hawa wawili kwa AlphaFold, programu inayokisia umbo la protini kutokana na mfuatano wake. Zamani umbo la protini moja liliweza kumla mwanafunzi wa uzamivu miaka yake yote ya masomo. Imetupunguzia kazi hiyo, imetuachia ya kujua protini ipi ina maana kwa ugonjwa upi, na kugundua kwamba Songwe ilikuwa Mbeya.

Kitu kimoja usikiache nyuma hata siku moja: vinasaba vya watu ni vya watu. Tanzania ina sheria ya vinasaba vya binadamu tangu 2009 na utafiti unahitaji kibali cha maadili. Mtu aliyekupa damu yake amekuamini na habari za wazazi wake na watoto wake pia.

Badala ya kuendelea kunisoma mimi, nakupa kazi ya kufanya ukifika maktaba. Ingia tovuti ya NCBI, hazina ya vinasaba iliyoko Marekani, andika NC_045512, ni namba ya mfuatano wa kumbukumbu wa kirusi cha UVIKO-19. Upakue kama maandishi, futa mstari wa kwanza unaoanza na alama ya mshale, kisha hesabu A, C, G na T, kwa programu ya mistari michache au hata kwa kitafutio cha kichakata maneno. Jumla inatakiwa iwe 29,903, na T ndiyo itakayozidi, 9,594. (Kirusi hiki kina RNA, kwa hiyo ndani yake ni U, ila hazina ya NCBI huandika T.) Ukipata jumla kubwa zaidi, kuna nafasi au alama za mwisho wa mstari umezihesabu. Halafu tazama mwisho kabisa wa mfuatano utakuta A zimepangana nyingi mfululizo. Niandikie unadhani zinafanya nini pale, kabla hujatafuta jibu popote.